Kabla Kosa Halijafika: Historia ya Udhibiti wa Kutangulia katika Pawa Saplai

Mwaka 1921 Harold Black, kijana wa miaka 23 kutoka Leominster, Massachusetts, aliajiriwa na kampuni ya Western Electric mjini New York, akiwa ndiyo kwanza amehitimu uhandisi wa umeme katika chuo cha ufundi cha Worcester. Kampuni hiyo ilitengeneza vifaa vya mtandao wa simu wa Bell, na mtandao huo ulikuwa na kiu moja kubwa: kupitisha mazungumzo mengi kwa pamoja katika waya mmoja, kutoka pwani moja ya Marekani hadi nyingine. Sauti hufifia kadiri inavyosafiri, hivyo njiani huwekwa amplifaya za kuipa nguvu upya. Za wakati ule zilitumia valvu za kioo, na kila moja iliongeza upotoshaji wake. Upotoshaji wa amplifaya moja masikio yangeuvumilia. Wa amplifaya nyingi zilizofuatana, mmoja juu ya mwingine, ulifanya maneno yasisikike.

Wenzake walihangaika kutafuta valvu bora zaidi. Black naye alishika njia hiyo, mpaka jioni moja ya Machi 1923 alipokwenda kumsikiliza Charles Steinmetz, gwiji wa hesabu za umeme wa mkondo geu. Alivutiwa sana na jinsi mzee huyo alivyokuwa akienda moja kwa moja kwenye mzizi wa jambo. Alirudi nyumbani, na ilipofika saa 8 usiku alikuwa ameligeuza swali lake. Hakuuliza tena namna ya kupata amplifaya isiyokosea. Aliikubali ikosee, kisha akauliza namna ya kuliondoa kosa kabla halijamfikia msikilizaji.

Jibu lake la kwanza lilikuwa hili. Chukua sauti iliyotoka kwenye amplifaya, ipunguze mpaka ilingane na ile iliyoingia, kisha utoe moja kwa nyingine. Kinachobaki ni uchafu mtupu. Ukuze uchafu huo kwa amplifaya ya pili, uugeuze, uuchanganye na sauti inayotoka: uchafu unaua uchafu. Alipoujaribu mpango huo maabara, ulifanya kazi. Uliombewa hataza, nayo ikatolewa mwaka 1928. Hakuna kitu kilichorudishwa nyuma katika saketi ile. Marekebisho yote yalikwenda mbele, kuelekea kwa msikilizaji. Huo ndio udhibiti wa kutangulia, na ulizaliwa miaka 4 kabla ya ndugu yake maarufu zaidi.

Lakini kuutunza kulikuwa taabu tupu. Amplifaya mbili zililazimika kupatana kwa usahihi mkubwa mno. Black mwenyewe alikuja kueleza, miaka mingi baadaye, kwamba kila saa, usiku na mchana, ilibidi mtu aende kurekebisha mkondo wa nyuzi za valvu, na kila baada ya saa 6 volti za betri zirekebishwe pia. Mtandao wa simu unaovuka bara hauwezi kutegemea mtu wa kuzungusha vifundo usiku kucha kila kituo.

Asubuhi ya tarehe 2 Agosti 1927, Black alikuwa ndani ya kivuko cha Lackawanna, akivuka mto Hudson kwenda kazini Manhattan. Hapo wazo jipya likamjia: rudisha sehemu ya sauti inayotoka mpaka mlangoni, ikiwa imegeuzwa, na amplifaya itajisahihisha yenyewe. Alichora mchoro na kuandika hesabu juu ya ukurasa wa gazeti la New York Times alilokuwa nalo mkononi. Alipofika maabara, barabara ya West Street namba 463, mwenzake Earl Blessing aliutia sahihi ukurasa ule kama shahidi. Huo ndio mrejesho hasi, na hataza yake ilichukua zaidi ya miaka 9 kupatikana, kwa kuwa wakaguzi hawakuamini kwamba mtu anaweza kutupa sehemu kubwa ya nguvu ya amplifaya yake kwa makusudi na bado akawa amepata faida.

Baada ya hapo mrejesho ulitawala. Mhandisi Harry Nyquist mwaka 1932 alionyesha lini mzunguko wa mrejesho hutulia na lini hulipuka kwa mitikisiko. Mhandisi mwingine, Hendrik Bode, akaandika kitabu mwaka 1945 kilichowafundisha wahandisi wa vizazi vilivyofuata kuchora grafu zake. Ukitazama vitabu vya udhibiti vya katikati ya karne ya 20, utaona udhibiti wa kutangulia umewekwa kando kama jaribio la ujana. Nadhani hukumu hiyo ilikuwa kali kupita kiasi. Mrejesho una kasoro moja ambayo hesabu za Bode haziwezi kuifuta: ni lazima ungoje kosa litokee ndipo uanze kulisahihisha. Nahodha anayeangalia dira peke yake ataugeuza usukani baada ya jahazi kwenda upande. Mwenzake anayetazama maji yanavyokunjamana kwa mbali huanza kulegeza tanga kabla upepo haujafika. Kazi ambayo ingewalazimisha wahandisi kukumbuka hilo haikutoka kwenye simu. Ilitoka kwenye pawa saplai.

Pawa saplai za zamani zilipunguza volti kwa kuzigeuza joto. Ukitaka 5 V kutoka kwenye 12 V, na mzigo unavuta ampea 10, transista hubaki na 7 V mwilini mwake. Mzigo unapata wati 50, na wati 70 zinapotea hewani kupitia bati la kupozea. Ndani ya chombo cha angani hali hiyo haivumiliki. Ndiyo maana kompyuta ya kuongozea vyombo vya Apollo, iliyobuniwa MIT mwanzoni mwa miaka ya 1960, ilipata umeme wake kwa njia nyingine: transista inayowashwa kabisa na kuzimwa kabisa, maelfu ya mara kwa sekunde, huku koili na kapasita zikisawazisha vipande hivyo viwe umeme mmoja mtulivu. Transista iliyowashwa kabisa haina volti nyingi mwilini, na iliyozimwa haipitishi mkondo. Katika hali zote mbili joto ni dogo. Transista zenye kasi na uvumilivu wa volti kubwa zilipopatikana kwa bei nafuu, teknolojia hiyo ilishuka duniani. Tektronix waliitumia katika osiloskopu zao karibu na mwaka 1970, na mwaka 1977 kompyuta ya Apple II ilitoka ikiwa na pawa saplai ya swichi ya Rod Holt, nyepesi na isiyohitaji feni.

Saketi ya swichi ya namna hii huitwa konvata. Katika ile ya kushusha volti, ambayo ndiyo rahisi kuliko zote, kanuni ni fupi: volti zinazotoka ni volti zinazoingia mara sehemu ya muda ambayo swichi imewashwa. Ingiza 24 V, washa swichi nusu ya muda, utapata 12 V. Sasa hiyo 24 V iruke ghafla iwe 36 V. Swichi inayoendelea kuwashwa nusu ya muda itaanza kuusukuma umeme unaotoka kuelekea 18 V. Mrejesho utalishtukia jambo hilo, lakini baada ya volti zinazotoka kupanda kweli, na baada ya amplifaya ya kosa, inayopima tofauti kati ya volti zinazotoka na zinazotakiwa, kusogea, na baada ya koili na kapasita kuchukua muda wao. Konvata za miaka ya 1970 ziliwashwa na kuzimwa takriban mara 20,000 kwa sekunde, ili mlio wake usisikike na binadamu. Mzunguko wa mrejesho hauwezi kwenda kasi kama swichi yenyewe. Kwa kawaida wahandisi huupa kasi ya sehemu moja ya kumi hivi, au pungufu. Kwa swichi ya kilohezi 20, hapo tunazungumzia mamia ya mikrosekunde ambamo kompyuta inayolishwa na konvata hiyo iko mikononi mwa bahati.

Kulikuwa na mateso mengine ya polepole zaidi. Pawa saplai inayochomekwa ukutani kwanza huugeuza umeme wa mkondo geu kuwa wa mkondo mnyoofu, na umeme huo hubaki na mawimbi: penye umeme wa hezi 50, kama kwetu Afrika Mashariki, mawimbi hayo hupanda na kushuka mara 100 kwa sekunde. Mrejesho dhaifu huyaacha yapenye hadi upande wa pili. Tena, nguvu ya mzunguko wenyewe hubadilika pamoja na volti zinazoingia. Mhandisi akiuweka mzunguko utulie vizuri volti zikiwa juu, ataukuta umezubaa zikiwa chini.

Mwaka 1976 ulileta mambo mawili makubwa. Kampuni ya Silicon General, kwa kazi ya Robert Mammano, ilitoa SG1524, chipu ya kwanza iliyobeba udhibiti mzima wa pawa saplai ya swichi ndani ya kipande kimoja cha silikoni. Na katika mkutano uliofanyika Cleveland mwezi Juni, R. D. Middlebrook, Mwingereza aliyekuwa akifundisha Caltech, pamoja na mwanafunzi wake Slobodan Ćuk kutoka Yugoslavia, walionyesha jinsi ya kuandika hesabu za konvata yoyote kwa kuchukua wastani wa hali zake mbili, swichi ikiwa imewashwa na ikiwa imezimwa. Kabla ya hapo kila konvata ilikuwa na hesabu zake za kubahatisha. Baada ya hapo, mtu aliweza kukaa na kalamu akaona waziwazi volti zinazoingia zinapita njia ipi hadi kuzichafua zile zinazotoka.

Na mtu akishaiona njia, halikawii kumjia swali la kuiziba. Ndani ya chipu kama SG1524 kuna kilinganishi kinachopokea vitu viwili: volti ya udhibiti kutoka kwenye amplifaya ya kosa, na wimbi la meno ya msumeno linalopanda taratibu na kudondoka ghafla. Swichi huwaka jino linapoanza kupanda, na huzimwa jino likifikia kimo cha volti ya udhibiti. Volti ya udhibiti ikipanda, swichi hukaa muda mrefu zaidi. Katika SG1524 kimo cha jino ni kile kile siku zote, iwe umeme unaoingia ni mwingi au kidogo. Swali lilikuwa: kwa nini mteremko wa jino usitegemee volti zinazoingia?

Namna ya kulitekeleza ni rahisi kiasi cha kushangaza. Kapasita inayotengeneza jino inachajiwa kwa rezista iliyofungwa moja kwa moja kwenye umeme unaoingia, badala ya chanzo cha mkondo kisichobadilika. Chukua mfano wa konvata ya kituo cha simu, ambako betri ni za 48 V lakini vifaa hutakiwa kustahimili kuanzia 36 V hadi 75 V. Weka rezista ya kiloomu 100 na kapasita ya pikofaradi 470. Kwa 48 V, jino linapanda takriban volti 1 kila mikrosekunde. Volti ya udhibiti ikiwa 2 V, swichi itazimwa baada ya mikrosekunde 1.96 hivi. Umeme unaoingia ukishuka hadi 36 V, jino linapanda polepole na swichi inakaa mikrosekunde 2.6. Ukiruka hadi 75 V, jino linakuwa kali na swichi inazimwa baada ya mikrosekunde 1.25. Zidisha volti kwa muda katika hali zote tatu: utapata 94 kila mara. Volti ya udhibiti haikusogea hata kidogo, amplifaya ya kosa haijui kama kuna lililotokea, na umeme unaotoka umebaki pale pale. Marekebisho yamefanyika ndani ya pigo lile lile la swichi ambamo usumbufu uliingia.

Napenda kukaa hapo kidogo, maana faida ni zaidi ya moja. Nguvu ya mzunguko wa mrejesho haibadiliki tena pamoja na volti zinazoingia, kwa hiyo mhandisi anautuliza mara moja na unabaki umetulia kuanzia 36 V hadi 75 V. Mawimbi ya mara 100 kwa sekunde yanazuiwa mlangoni. Na kwa konvata zenye transfoma, zao la volti na muda ndilo linaloamua kama kiini cha transfoma kitashiba sumaku au la. Kiini kikishiba, mkondo hupanda bila breki na transista hupasuka. Ukiweka kikomo juu ya zao hilo, umeilinda transfoma bila kuipima. Rezista moja ya senti chache inafanya hayo yote.

Mammano alihamia Unitrode, na mwanzoni mwa miaka ya 1980 kampuni hiyo ikatoa UC1840, chipu ya pawa saplai za kuchomekwa ukutani iliyokuwa na udhibiti huu ndani yake. Iliweza kushika umeme unaotoka huku umeme unaoingia ukitofautiana hadi mara 4. Kwa haki ingekuwa mwanzo wa enzi. Haikuwa hivyo, kwa kuwa mpinzani alikuwa ameshabisha hodi.

Mwaka 1978, katika mkutano wa Syracuse, Cecil Deisch wa Bell Labs aliwasilisha njia ya kuidhibiti swichi kwa kuutazama mkondo wa koili. Meno ya msumeno ya kutengenezwa yaliondolewa. Mkondo wenyewe unaopanda ndani ya koili ndio uliochukua nafasi yao, na swichi ilizimwa mkondo ulipofikia kiwango kilichoamriwa. Konvata iligeuka kuwa chanzo cha mkondo. Koili ikatoweka katika hesabu za utulivu, ulinzi dhidi ya mzigo mzito ukapatikana bure, na konvata kadhaa ziliweza kugawana mzigo mmoja kwa amani. Katikati ya miaka ya 1980 Unitrode hao hao wakaja na UC3842, chipu ya miguu 8 ya bei ya chini iliyotumia njia hiyo. Fundi yeyote wa televisheni anayefungua ubao wa pawa saplai, Kariakoo au River Road, ameishika mkononi mara nyingi, iwe ya Unitrode au ya mojawapo ya viwanda vingi vilivyoitengeneza baadaye.

Wengi wa wakati ule waliamini udhibiti wa mkondo umeumaliza mjadala. Ninavyoona mimi, walikuwa wameupokea udhibiti wa kutangulia kwa mlango wa nyuma. Mkondo wa koili hupanda kwa kasi inayolingana na tofauti ya volti zinazoingia na zinazotoka. Volti zinazoingia zikiruka, mkondo hupanda kwa ukali na swichi huzimwa mapema, ndani ya pigo lile lile. Ni meno yale yale ya msumeno yenye mteremko unaotegemea volti zinazoingia. Tofauti ni kwamba koili ndiyo inayoyachonga.

Na njia hiyo ilikuja na maradhi yake. Swichi ikikaa zaidi ya nusu ya muda, kosa dogo katika pigo moja hukua katika pigo linalofuata, na konvata huanza kuchechemea: pigo refu, pigo fupi, refu, fupi. Dawa yake ni kuongeza jino la kutengenezwa juu ya lile la mkondo. Kiasi gani? Kwa konvata ya kushusha volti, hesabu zinatoa jibu linalovutia. Ukiongeza mteremko ulio sawa na nusu ya ule ambao mkondo hushuka nao swichi ikizimwa, wastani wa mkondo wa koili hautegemei tena volti zinazoingia hata chembe. Ukiongeza pungufu, usumbufu unapenya. Ukizidisha, unapenya pia, na kadiri unavyozidisha ndivyo konvata inavyorudi kuwa ya aina ya SG1524. Mhandisi aliyedhani ametibu kuchechemea, kumbe alikuwa anapanga kiasi cha kutangulia.

Maradhi ya pili yalikuwa kelele. Kila swichi inapowaka, mkondo hutoa mruko mkali wa muda mfupi sana kutoka kwenye transista na diodi, na mruko huo unaweza kukidanganya kilinganishi. Kwa mzigo mwepesi, ambapo mkondo wa kweli ni mdogo, uongo huwa mkubwa kuliko ukweli. Katikati ya miaka ya 1990 Mammano aliandika chapisho fupi la Unitrode lililolinganisha njia hizo mbili, na badala ya kumtangaza mshindi, alieleza kwamba udhibiti wa volti pamoja na kutangulia unastahili nafasi upya. Chipu iliyokwenda na hoja hiyo, UCC3570, ilikuwa na jino linalofuata volti zinazoingia na kikomo cha zao la volti na muda. Kwa mtu aliyetoa SG1524 miaka karibu 20 nyuma, ulikuwa uamuzi wa unyenyekevu na wa kisayansi, na naamini historia ya fani hii haijampa heshima yake kamili kwa hilo.

Wakati huo huo udhibiti wa kutangulia ulikuwa umepata kazi ambayo hakuna aliyeweza kuifanya badala yake. Pawa saplai za kuchomekwa ukutani zilikuwa zikivuta mkondo kwa mapigo mafupi, kileleni mwa kila wimbi la umeme, na kuichafua gridi nzima. Ulaya iliweka sheria ya kuuzuia uchafu huo, kanuni ya EN 61000-3-2, iliyoanza kubana rasmi Januari 2001. Suluhisho lilikuwa konvata ya kupandisha volti inayouvuta mkondo kwa umbo lile lile la volti za ukutani. Unitrode walikwisha kutoa chipu ya kazi hiyo mwanzoni mwa miaka ya 1990, UC3854. Ndani yake kizidishi kinachukua umbo la wimbi, kinalizidisha kwa amri ya amplifaya ya kosa, na matokeo ndiyo mkondo unaotakiwa kuvutwa.

Hapo ndipo tatizo lilipojitokeza. Nguvu ni volti mara mkondo. Amri ikibaki ile ile na volti za ukutani zikapanda mara 3, kutoka zile za Japani usiku wa mzigo mzito hadi zile za Nairobi volti zikipanda, mkondo unaoamriwa unapanda mara 3 pia, kwa hiyo nguvu inapanda mara 9. Mzunguko wa mrejesho hauwezi kustahimili kupanda huko. Nao kwa makusudi umefanywa mzito, ili usiyafuate mawimbi ya mara 100 kwa sekunde. UC3854 iligawanya amri hiyo kwa wastani wa volti zinazoingia, ikagawanya tena mara ya pili. Nguvu ikawa inafuata amri peke yake, iwe 90 V au 265 V. Ubao mmoja ukaweza kuuzwa dunia nzima, na maandishi ya 100-240V yaliyoko chini ya adapta nzito ya kompyuta yanasimama juu ya mgawanyo wa namna hiyo, au juu ya ndugu zake waliofuata.

Wastani huo nao una gharama. Ili kuupata, lazima uchuje mawimbi, na chujio huchukua muda. Ukichuja kidogo, mabaki ya mawimbi hupenya kwenye kizidishi na kuchafua umbo la mkondo, yaani uchafu ule ule uliokusudiwa kuzuiwa. Ukichuja sana, kutangulia kunachelewa, na volti zinaporuka konvata inavuta nguvu isiyo yake kwa mizunguko kadhaa. Wabunifu walitumia chujio la hatua mbili wakagawanya dhambi hiyo kwa asilimia, sehemu hii kwa chujio, sehemu ile kwa mrejesho.

Ilibaki kazi ya nadharia. Kwa konvata ya kushusha, jino linalofuata volti zinazoingia linatosha, kwa kuwa uhusiano ni wa kuzidisha tu. Konvata ya kupandisha ina kanuni nyingine, na ile inayoweza kupandisha na kushusha ina nyingine tena. Barry Arbetter na Dragan Maksimović wa Chuo Kikuu cha Colorado, Boulder, walichapisha mwaka 1997 utaratibu wa jumla wa kubuni saketi ya kutangulia kwa konvata za aina mbalimbali. Kabla yao, mwaka 1991, Keyue Smedley na Ćuk walikuwa wametoa njia ya ujasiri zaidi: jumlisha volti zinazopita swichini pigo kwa pigo, na uizime swichi pale jumla inapofika kiasi kinachotakiwa. Kosa la pigo moja halipati nafasi ya kuingia katika la pili.

Lipo jambo moja ambalo wasifiaji wa kutangulia huliruka, nami nalihesabu kuwa la msingi. Konvata inayoshika umeme unaotoka bila kuyumba huvuta nguvu ile ile daima. Volti zinazoingia zikipanda, mkondo inaovuta unapungua. Zikishuka, mkondo unaongezeka. Kwa chochote kilicho nyuma yake, konvata hiyo ni ukinzani hasi. Middlebrook alionya mwaka huo huo wa 1976 kwamba ukinzani huo ukikutana na chujio la koili na kapasita lililowekwa mlangoni kuzuia kelele, viwili hivyo vinaweza kuanza kutikisika pamoja. Kwa mrejesho peke yake, ukinzani hasi hutokea katika masafa ya chini tu, kwani juu zaidi mrejesho hauna kasi ya kuufanya. Kutangulia hakungoji. Kunausogeza ukinzani hasi mpaka masafa ya juu, mara nyingine mpaka pale pale chujio linapopenda kutikisika. Mhandisi anayeongeza ile rezista ya senti chache bila kulipima chujio lake upya anaweza kuyaona mawimbi mazuri upande wa kutokea, na machafuko upande wa kuingilia.

Vidhibiti vya kidijitali vya karne hii havikuondoa mvutano huo. Vimebadilisha mahali unapokaa. Programu inaweza kusoma volti zinazoingia na kugawanya kwa usahihi ambao hakuna rezista inayoufikia, kwa konvata ya aina yoyote, hata kubadili kanuni wakati mzigo unabadilika. Lakini kusoma kunachukua muda, kugawanya kunachukua muda, na jibu hutumika katika pigo linalofuata, si katika hili. Saketi ya kapasita na rezista haisubiri hesabu; jino lake huanza kuwa kali sekunde ile ile volti zinapopanda. Ndiyo maana kwenye meza za maabara bado hufanywa jaribio lile lile kwa vyote viwili: mzigo unaachwa bila kuguswa, umeme unaoingia unarushwa kutoka 36 V hadi 75 V kwa mikrosekunde chache, na osiloskopu inatazamwa upande wa kutokea, halafu, kwa mwenye kumbukumbu ya Middlebrook, upande wa kuingilia pia.